Prezida Aliyeupa Uwanja Kisogo

Ungepita mtaani kwetu Ndosho wakati ule ukauliza anakopatikana Prezida, wangekuelekeza kwenye ukuta wangu. Hakuishi kwangu. Alikuwa na nyumba yake kule nyuma, karibu na mafundi wanaochonga chukudu, zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo, tena nyumba yenye mke mvumilivu na jiko lisilozimika. Lakini bunge lake lilisimama upande wa nje wa ukuta wangu, ule niliojengewa kwa mawe meusi ya volkano ya kwanza. Na kwa kuwa mashine yangu ya kushonea iko dirishani, upande wa ndani, basi nilikuwa mbunge pasipo kupigiwa kura na pasipo kutoka nje. Kutoka nje sikupendi. Nimesoma mpaka mwisho wa sekondari, nikapata diploma, nikaingia nayo chumbani na hatujatoka tena. Mke wangu anasema watoto wengine huzaliwa wakilia, mimi nilizaliwa nimeketi.

Alikuwa prezida wa mashabiki wa timu yetu, ile ya jezi za kijani zilizofuliwa mpaka zikawa rangi ya maji ya ziwa la Lac Vert asubuhi, kijani ambacho mtu hana hakika kama amekiona au amekiota. Kila asubuhi kabla ya biashara kuchanganya, watu walikusanyika pale: nani auzwe, nani anunuliwe, kocha afukuzwe lini. Na Prezida alikuwa na sheria mbili tu.

Ya kwanza: hakuna kukaa. Anayezungumzia timu asimame, akikaa amepoteza neno. Niliwahi kumwona mzee mwenzake akiegemea jiwe kidogo tu, kwa makalio nusu, na Prezida akamkatiza katikati ya sentensi: "Asante, muzee, umeshamaliza."

Ya pili ndiyo iliyomfanya Prezida awe Prezida. Mchezaji hakutajwa kwa jina. Alitajwa kwa nafasi yake uwanjani, basi: golikipa, beki wa kuume, numero six, dix au onze, yaani namba sita, kumi au kumi na moja.

"Hapa hakuna jina," aliwaambia wageni. "Jina inaleta kijiji, kijiji inaleta baba, baba inaleta ng'ombe na shamba, na mbele ya saa sita tumeshapigana. Semeni poste."

Nilidhani ni mbwembwe za uongozi. Nilichelewa kuelewa kwamba kwenye ukuta ule walisimama watu wa Rutshuru, wa Masisi, wa Butembo na wa Beni, na kwamba mji wetu una njia nyingi sana za kumuuliza mtu wewe ni wa nani. Ni kwa sheria hiyo hata mimi hapa namwita Prezida tu. Jina lake lipo, linakaa nyumbani kwake na mke wake.

Mbunge wa upinzani alikuwa fundi mmoja wa chukudu, mwenye vumbi la mbao hadi kwenye nyusi.

"Numero dix tumuuze," angeanza fundi.

"Tumuuze wapi, weye? Nani atanunua mutu anakimbia kama mwenye kubeba bakuli ya maziwa?"

"Kampala banamutaka."

"Bamemuona wapi? Ku ndoto?"

Hapo angeingia Mama Sambaza, aliyeuza samaki wadogo wa ziwa na ambaye hakuwahi kutua beseni lake chini wakati wa mjadala, ili asidhaniwe amekaa. "Muuzeni tu," angesema. "Hata mimi nauzaka vyenye vinanuka." Na bunge lingecheka, na mimi ndani ningekosea mshono.

Ajabu ni kwamba Prezida hakuwa anaziona mechi.

Alikwenda zote. Alifika wa kwanza, na kifimbo chake na skafu aliyoivaa hata juani. Lakini kiongozi wa mashabiki husimama mbele ya watu, akiwaongoza kwa mikono kama padre wa kwaya, uso kwao na kisogo uwanjani. Miaka yote ile aliongoza nyimbo, na goli hata moja hakuliona kwa macho yake. Aliliona kwetu. Alisema mchezaji ana sura mbili, moja ya kwake na nyingine anayoiweka kwenye nyuso za watu, na kwamba hii ya pili haidanganyi.

"Numero six," alieleza siku moja nje ya dirisha langu, "anawawekea batu sura ya mutu anangojea chakula. Kila mara iko karibu kufika. Numero onze anawawekea sura ya mutu amesahau ufunguo. Lakini golikipa..." Nikasimamisha mashine. "Golikipa, mupira ukifika kwake, batu banapumua. Wote mara moja. Miye nasikiaka ule upepo hapa ku kifua."

Nilijiuliza kama mtu anaweza kujua mpira namna hiyo. Jibu ni hapana. Prezida alikosea karibu kila kitu. Alisifu beki ambaye wiki iliyofuata alijifunga mwenyewe. Alitaka kocha afukuzwe siku tuliyoshinda. Hakusemezana na shemeji yake kwa miaka kwa ajili ya penalti moja, akiapa haikuwa penalti, na penalti yenyewe ilipigwa nyuma ya mgongo wake. Niliposema hivyo kupitia dirishani alinigeukia taratibu.

"Na weye uliiona?"

"Hapana, Papa. Nilikuwa hapa."

"Basi tuko sawa. Endelea kushona."

Kukosea kwake kukubwa kulihusu mlima. Volkano ya pili iliposhuka na kusimama kabla haijaingia mjini, watu waliliangalia lile ziwa jeusi la mawe likitoa moshi, na Prezida akatangaza ukutani kwangu: "Imekwisha. Mulima imeshakula, imeshiba, inalala." Hajamaliza kulala nalo neno hilo, ardhi ikaanza kutikisika. Ukuta ulicheza. Vikombe vyangu vilitembea mezani kuliko mimi ninavyotembea kwa mwezi. Asubuhi moja ikatoka amri kwamba watu waondoke, na barabara ya kwenda mji wa Sake ikajaa mji mzima.

Kila mtu alibeba alichokipenda. Mke wangu alibeba unga na nguo za watoto. Mimi nilibeba kiti.

Mnaweza kucheka, yeye alicheka mpaka Lac Vert. Tulikwenda polepole katika umati ule, magodoro vichwani, mbuzi, chukudu zilizosheheni mpaka hazionekani, na vumbi jeupe-jeusi likielea juu yetu hivi kwamba watu wa mbele walionekana kama wanatembea ndani ya maji. Hakuna aliyepiga kelele. Nilihisi kama ni ndoto ya mtu mwingine na sisi tumepita tu ndani yake. Kisha nikasikia, mbele yangu kidogo, sauti ninayoijua:

"Miye ninasema beki wa kushoto tusimuuze!"

Alikuwa amebeba sufuria kwa mkono mmoja, na mwingine ulikuwa unaongoza mjadala. Fundi alikuwa ubavuni mwake akisukuma chukudu yenye bibi kizee juu.

"Papa Prezida," nikamwambia, "mji unaungua na munazungumza beki?"

"Mji hauungui, unatikisika. Na beki ni huyu hapa." Kweli, beki wa kushoto alikuwa anatembea nyuma yao na mtoto mgongoni, anasikiliza bei yake ikipanda na kushuka, anatabasamu. Nikachoka, nikaweka kiti chini kando ya barabara nikakaa, nikaanza na mimi kusema kuhusu beki. Prezida akainua kidole.

"Umekaa."

"Papa, tunakimbia volkano!"

"Kimbia. Lakini umekaa, huna neno."

Nikasimama. Nilitembea nao mpaka Sake nikiwa na kiti kichwani na neno mdomoni, na sikumbuki kuogopa tena.

Tuliporudi ndipo habari ya Ulaya ilipoanza. Komite ya timu ilitangaza kuna klabu ya Ubelgiji inayotafuta undugu na timu yetu. Wangeleta viatu, mipira na kocha wa vijana. Kwa upande wao wangechagua mchezaji wanayemtaka kabla ya mtu mwingine yeyote. Bunge liligawanyika kama ardhi iliyotikisika. Fundi alikubali: "Bachukue! Mutoto akicheza kule, si ni Ndosho inacheza?" Prezida alipinga: "Undugu gani, mumoja anachagua, mwingine anachaguliwa? Hiyo ni ndoa, na sisi njo bibi harusi." Mama Sambaza aliuliza tu kama kule Ubelgiji wanakula sambaza.

Basi katika wiki hizo akatokea muzungu kwenye uwanja wetu wa mazoezi, ule wa njia ya Lac Vert. Alikuwa na sanduku, fimbo ndefu yenye waya, na kofia. Alizunguka uwanja, akapiga magoti kwenye kona ya kushoto iliyo bondeni, akaandika. Chukudu ya fundi haijawahi kukimbia kama siku ile. Alifika mjini akihema: "Amefika! Mutu wa Ubelgiji! Anapima kiwanja!"

Prezida, mpinzani mkuu wa undugu huo, ndiye aliyekimbia wa kwanza. Alipanga wachezaji mstari mmoja. Alitoa hotuba. Muzungu, mtu mwenye adabu, alimshika kila mchezaji mkono, kisha akasema maneno kwa Kifaransa akionyesha ile kona ya bondeni, akitikisa kichwa. Fundi akatafsiri, na alitafsiri sawasawa kabisa: "Anasema kule kushoto chini ni mubaya sana. Batu babaki kuume, juu."

Mjadala wa ukutani kesho yake ulikuwa mkubwa kuliko yote niliyowahi kuusikia nikiwa nimeketi.

"Munaona? Saa moja tu, ameshajua ugonjwa yetu! Kushoto!"

"Miye nilisemaka numero onze hafai."

"Macho ya Ulaya hayo."

Jumapili timu nzima ikacheza upande wa kuume. Wapinzani wakapita kushoto kama watu wanaoingia harusini, wanasalimia tu. Sitaji magoli kwa heshima ya marehemu, yaani mchezo wenyewe.

Ni Mama Sambaza aliyekuja na ukweli, kwa sababu ana ndugu kule Kibati anayewaongoza wageni mlimani. Yule muzungu hakuwa na habari yoyote na mpira. Alikuwa mtu wa volkano, anapima mazuku, ule upepo mbaya usio na rangi unaokaa mabondeni na kuua mbuzi wanaoinamisha kichwa kula. Alikuwa anatuomba, kwa upole, tusife. Bunge liliona aibu. Kwa miaka mingi wachezaji wetu walikuwa wanaikwepa kona ile mazoezini, kwa sababu asubuhi kichwa kiliuma ukifika pale, na sisi tulikuwa tunajadili uhamisho wa numero onze. Nani angejifunza kucheza kushoto mahali ambapo hata mbuzi hachezi?

Prezida alifikiri sana. "Hata hivyo," akasema, "hakukosea. Kushoto yetu ni mubaya."

Mbia wa kweli wa Ubelgiji hakufika. Kabla ya siku yake, vita vilishuka kutoka kaskazini, na mizinga ikaanza kusikika ukiwa Kibati.

Hapo cheo chake kikamletea matatizo. Asubuhi moja askari wawili wa doria walipita, na Mama Sambaza akapaza sauti kama kawaida: "Prezida anakuja!" Askari walishika bunduki. Mmoja akamsogelea Prezida.

"Njo weye prezida? Prezida wa nani?"

"Wa bale wenye kupigwa kila Jumapili, chef."

Askari akamtazama, akaitazama skafu. "Ya kijani?" akauliza. "Pole, papa." Wakaenda zao.

Tulicheka sana, lakini kicheko cha siku zile kilikuwa chembamba. Watu walianza kupimana kwa masikio. Mtu akisalimia, wengine walisikiliza salamu ina lafudhi gani kabla ya kuitikia. Golikipa wetu, yule anayewapumzisha watu, alitoka katika familia ya kule Rutshuru, na lugha ya mama yake ndiyo iliyokuwa inasikilizwa kwa shaka kuliko zote, maana wengi wa wale waliokuja na mizinga waliisema. Siku moja fundi, ambaye mpwa wake alikuwa amerudi kutoka vitani bila mguu, akasema lile neno.

"Golikipa huyu. Mutu wa wapi, kwanza?"

Mashine yangu ilisimama yenyewe.

"Mutu wa pale katikati ya milingoti," akasema Prezida.

"Papa, sisemi poste. Ninasema kwao."

"Kwao ni pale. Akitoka pale, mupira unaingia. Unajua kwao kungine?"

Fundi aliondoka bila kuaga. Siku zilizofuata wengine walipungua pia, na wale waliobaki walisema kwa sauti ya chini, jambo ambalo halikuwa kawaida ya ukuta wangu. Nilimsikia Prezida akihesabu sura, siyo kwa namba, kwa poste: "Fundi hayuko. Mwenye duka hayuko. Yule wa Beni hayuko." Nikajua ni nini anachokiogopa. Mlima ulishindwa kulivunja bunge lile. Neno moja dogo lilikuwa linaliweza.

Jumapili iliyofuata mke wangu alinifukuza nyumbani. Nilikuwa nimeshona namba mpya za jezi, na alitaka nikazione zikikimbia. Kwa hiyo nilikuwepo, kwenye mechi pekee niliyohudhuria maishani mwangu, nimesimama kati ya watu, namtazama Prezida mbele yetu na mikono yake hewani.

Ilianza nyuma yangu, mtu mmoja. "Rudi kwenu!" Kisha wawili. Kisha lile neno likazunguka jukwaani kama moshi, likielekezwa kwenye lango letu wenyewe, kwa mtu wetu wenyewe, na golikipa aliinamisha kichwa akaanza kufunga kamba za kiatu zilizokuwa zimefungwa.

Mikono ya Prezida ilishuka. Alitutazama. Alizipitia sura zetu moja moja, kama mtu anayetafuta yake sokoni, na sijui aliona nini kwenye yangu. Halafu akatupa kisogo. Akageuka, akaukabili uwanja, kwa mara ya kwanza, akasimama hivyo.

Wimbo ulikatika. Watu hawakujua wafanye nini na midomo yao. Uwanja mzima ukawa kimya hivi kwamba tulisikia viatu kwenye mchanga, na mbali kabisa, mzinga mmoja. Katika kimya hicho wapinzani walishuka, wakapiga, na golikipa aliruka vizuri sana na mpira ukaingia.

Nilirudi naye kwa miguu. Karibu na nyumbani akapunguza mwendo.

"Kumbe goli inafananaka vile," akasema.

"Vile nini, Papa?"

"Kadogo." Akaonyesha kwa viganja. "Ku sura zenu nilikuwaka naona kitu kikubwa."

Asubuhi fundi alikuja ukutani. Alisimama mbali kidogo, mikono nyuma, vumbi la mbao kwenye nyusi. Hakuna aliyesema lolote juu ya jana. Prezida alikohoa.

"Fundi. Numero six tumufanye nini?"

Fundi alisogea karibu na ukuta. "Tumupe muda, Papa," akasema. Ndivyo bunge lilivyorudi. Golikipa naye alibaki langoni.

Kisha vita vikafika Sake, na baada ya Sake, mjini kwetu.

Siwezi kusema mengi ya wakati ule, nilikuwa chini ya kitanda na familia yangu. Nitasema tu kwamba baadaye, kwa siku kadhaa, mji mzima uliishi maisha yangu: milango imefungwa, watu wamekaa. Sikufurahia kuwa na wafuasi wengi kiasi kile. Ligi ilisimama. Wachezaji walitawanyika, mmoja Kampala, mmoja Bukavu, wengine ng'ambo ya mpaka. Golikipa alikuwa amekwenda upande wa Sake kumtafuta mama yake kabla ya barabara kufungwa, na hakuna aliyesikia habari zake tena. Nje ya ukuta wangu palikuwa kimya, na nilishona bila kukosea, jambo lililonitia huzuni.

Asubuhi moja nikasikia sauti. Nikachungulia. Alikuwa peke yake, amekonda, skafu shingoni, mkono mmoja kwenye mawe ya ukuta.

"Papa Prezida! Unasema na nani?"

"Na bunge."

"Bunge haliko, Papa."

"Liko. Limechelewa."

"Na munajadili nini?"

"Banataka kuuza golikipa, Ubelgiji. Miye napinga. Lakini hakuna mutu wa kukubali." Akapumua. "Kupinga peke yangu kunanichokesha."

Nilishika nondo za dirisha. "Papa, golikipa hatuna habari yake. Tangu Sake."

"Najua."

"Labda..."

"Mutu mwenye hayuko, banamuliliaka," akasema haraka. "Mutu mwenye tunamuuza, yuko. Toka nje."

Nilitoka. Mke wangu aliacha sufuria akanitazama nikipita. Nilifungua geti, nikazunguka ukuta wangu mwenyewe, nikasimama mbele yake juani, miguu haijui pa kukaa.

"Ninasema auzwe," nikasema.

"Auzwe!" Macho yake yaliwaka. "Weye, mutu wa kushona suruali, unajua nini? Golikipa yenye mikono kama ile?"

"Kwa mikono ile njo anatakiwa Ulaya, Papa! Tumuache afie hapa na mipira yenye kushonwa?"

"Afie nani? Nani amesema kufa?" Alipaza sauti hadi barabarani. "Sikieni huyu! Anataka kuuza golikipa!"

Kule kwenye karakana nyundo ilinyamaza. Fundi akatokea, akijifuta mikono, na alianza kunikubali kabla hajafika. Mama Sambaza alisimama na beseni kichwani. Watu wawili niliokuwa siwajui walivuka barabara. Motari mmoja akapunguza mwendo, akazima pikipiki, akashuka ili asiongee amekaa.

"Golikipa munamuuza bila kumuuliza?" akasema. "Sawa. Akirudi kesho, mutamuambia nini?"

Tukamgeukia Prezida.

"Tutamuambia," akasema Prezida, "tulikataa."